Ubao Usiokata Kona

Niliseme mapema, kabla hamjaletewa na wengine likiwa limetiwa chumvi: mimi sikushindwa kukata kona. Wiki tatu nzima mtaa uliamini nimeshindwa, ukanicheka, ukanishauri nipunguze wali, ukaninyooshea kidole nikienda dukani, na wiki tatu hizo kosa halikuwa langu hata chembe. Nimekosea mengi maishani, sikatai. Niliwahi kumsuka bibi harusi mistari sita upande mmoja na saba upande wa pili. Niliwahi kumwaga habari za bwana mmoja mbele ya mkewe nikidhani ni dada yake. Hayo ni yangu, nayameza. Hili la ubao si langu, na silimezi.

Mimi ni msusi. Saluni yangu ni chumba cha mbele cha nyumba yetu: viti vitatu, kioo kimoja chenye ufa, na mlango ambao haufungwi toka asubuhi mpaka jua linazama. Anayekuja kusuka anasukwa, na anayekuja kusikiliza tu anapewa kigoda. Nyumba ikiwa kimya mimi naona kama kuna msiba.

Ndani tunaishi mimi, mume wangu, wanetu, wifi yangu aliyekuja kwa wiki moja akakaa miaka minne, na Baba Mkwe. Baba Mkwe alikuwa fundi wa malori maisha yake yote. Yeye amestaafu lakini spana yake haijastaafu. Ameichomeka mfuko wa shati kama wenzake wanavyochomeka kalamu. Kila alfajiri, kabla ya chai, anazunguka nyumba kukaza. Anakaza miguu ya meza, mishikio ya sufuria, bawaba za milango, kitasa cha choo. Kwetu hakuna kitu kinachotikisika. Ile kofia ya kukaushia nywele pale saluni aliikaza mpaka haishuki tena, na wateja wafupi nawawekea mito mitatu ndipo kichwa kifike. Nilimwambia? Ningemwambiaje? Mkwe ni mkwe. Unapokea kwa mikono miwili, unasema "ahsante, Baba," halafu unatafuta mto wa nne.

Kilichomfanya awe hivyo tunakijua kwa juujuu. Enzi za ujana wake, mwenzake aliondoka gereji na lori lenye nati zilizolegea, na hakurudi. Baba Mkwe hasimulii. Husema tu, "Kilicholegea kinazika mtu," kisha anaendelea na kazi yake.

Sasa Dobi. Dobi ni mpangaji wa nyumba ya jirani, dada wa miaka ishirini na minane hivi, mwembamba kama henga ya nguo. Tunamwita hivyo kwa sababu anafanya kazi pale wanapofua na kupiga pasi mashuka ya hoteli. Kazini haendi kwa miguu wala kwa basi. Anakwenda amesimama juu ya ubao mrefu wenye magurudumu manne, mrefu kama ule ubao wa kupigia pasi, siyo ule mfupi wa vijana wa kurukia ngazi. Anashuka nao mteremko wetu akiyumba huku na huku taratibu, utadhani anabembeleza mtoto. Wakajitokeza wengine wakanunua zao: kinyozi wa pale chini, mwalimu wa chekechea, mapacha wa duka la simu. Jumapili asubuhi wakawa wanashuka pamoja, na mimi natoa viti nje natazama. Raha tupu.

Mpaka mmoja wa mapacha akagonga kopo la maua la Mwenyekiti.

Inabidi muione barabara yetu. Inaanzia juu kwenye tangi la maji, inateremka moja kwa moja kupita mlango wangu, kisha inapinda kulia pale kwenye bomba. Ukikata kona unaishia tambarare kwenye maduka. Usipokata, mbele yako kuna ukuta wa Mwenyekiti wa mtaa, na chini ya ukuta kuna makopo yake ya maua, ameyapaka rangi ya samawati na kuyapanga kama askari wa gwaride. Kopo moja likapinduka. Halikuvunjika, lilipinduka tu! Mtu akaitisha kikao.

Nilikwenda kusikiliza, sikwenda kusema. Naapa. Nilikaa nyuma kabisa na karanga zangu.

"Hicho chombo hakikati kona," Mwenyekiti alisema. Ni mtu wa shati la vifungo mpaka shingoni, alikuwa karani wa shule, na bado anaongea kama anasoma barua. "Ni mkokoteni uliokatika kamba. Ndiyo maana unawaona vijana tu. Mtu mzima, mwenye nyumba na akili zake, hawezi kujifunza upuuzi huu."

"Siyo upuuzi, Mwenyekiti," Dobi alisema kwa adabu. "Kona inakatwa. Ni kujifunza tu."

"Basi nionyesheni mtu mzima mmoja. Mmoja! Ajifunze hapahapa mtaani, ashuke toka tangini, akate kona ya bomba bila kuruka chini na bila kugusa kopo langu. Nawapa wiki tatu. Akiweza, Jumapili asubuhi barabara ni yenu. Asipoweza, hizo mbao nazichukua, hamtaziona tena." Akazungusha macho ukumbini, yakanifikia. "Au tumtume Msusi? Hapana jamani, tuuonee ubao huruma. Ubao utaomba likizo."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Mpaka wifi yangu alicheka, mtu anayekula kwangu! Karanga zikanikwama kooni.

"Mimi," nikasema.

"Wewe nini?"

"Mimi nitashuka. Wiki tatu. Andika kwenye hayo makaratasi yako."

Mdomo uliponza kichwa, ndiyo. Lakini niambieni, mngefanyaje nyinyi?

Jumapili ya kwanza Dobi alinipeleka uwanja wa chekechea, ambako kuna saruji yenye mteremko mdogo. Aliniletea ubao wake wa zamani, akanipa kabisa.

"Simama, funga miguu pamoja," akaniambia. Nikasimama. Akanisukuma mgongoni kwa ghafla, nusura nile saruji.

"We mtoto una wazimu?"

"Umetanguliza mguu wa kushoto, dada. Basi huo ndio wa mbele."

Akaniweka juu ya ubao, mguu wa mbele umekaa mshazari, wa nyuma umekingama. Akanikunja magoti kwa mikono yake kama anakunja shuka. Kisha akavua kandambili zake na zangu, akazipanga chini mstari mmoja, kila moja hatua nne kutoka kwa mwenzake. Nipite kati yake kama uzi kwenye mshono.

"Ukitaka upande ulioelekea, bonyeza vidole vya miguu. Ukitaka upande wa mgongoni, kalia visigino, kama unataka kukaa kwenye kigoda halafu umeghairi. Usiinamie mbele kama mtu anayetafuta sindano. Na macho, dada! Macho ndiyo usukani. Ukitazama ukuta, ukuta utakuja. Tazama unakotaka kwenda, mabega yafuate, kiuno kifuate mabega, ubao utafuata kiuno."

Nilianguka mara nne. Mara ya tano nikakumbuka kazi yangu. Ukitaka kuchora njia ya nywele iliyopinda, toka kwenye paji mpaka kisogoni, hupindi kwa ncha ya kitana; mkono unaanza kupinda begani na kitana kinafuata. Nikageuza bega. Nikabonyeza vidole. Jamani, ubao uliitika. Uliinama upande mmoja, ukachora mkunjo mrefu, mlaini, ukapita kandambili ya kwanza. Nikakalia visigino, ukarudi. Nikapiga kelele mpaka mlinzi wa chekechea akatoka.

Nilirudi nyumbani nimebeba ubao kwapani, nikakuta nyumba imejaa, nikasimulia mara tatu. Baba Mkwe alikuwa kizingitini. Aliuchukua ule ubao, akaupindua, akazungusha magurudumu, akaweka sikio.

"Na unashuka na hiki pale mteremkoni?"

"Ndiyo, Baba."

Akatikisa kichwa polepole. "Usijali, mwanangu. Mimi nipo. Nitahakikisha uko salama."

Nilifurahi. Nikajua nimepata baraka za mzee.

Jumatatu alfajiri nikatoka na ubao. Nikapanda, nikakunja magoti, nikageuza bega, nikabonyeza vidole. Ubao ukaenda moja kwa moja. Nikakalia visigino. Moja kwa moja. Nikakalia zaidi, nikakaa barabarani, matako yakapiga lami mpaka nikaona nyota, na ubao ukaendelea na safari yake, umenyooka kama rula.

Jumanne hivyohivyo. Jumatano hivyohivyo. Nikasema labda nimesahau. Lakini mtu anasahauje kwa usiku mmoja kitu ambacho mwili umekionja? Nikawa nafanya mazoezi mpaka saluni, nasuka huku nimekunja magoti, nabonyeza vidole, nakalia visigino, mteja ananiuliza kama nataka kwenda chooni.

Na watu, jamani, watu! Kila mtu akawa daktari.

"Ni uzito," alisema mteja mmoja ambaye kiti changu kinalia akikikalia. "Ubao unataka mtu mwepesi."

"Ni umri," alisema mwingine. "Ukishapita arobaini, kiuno kinafunga."

"Wifi yangu siku zote ni mtu wa kunyooka," wifi alisema, amekaa kwenye kigoda akila ndizi zangu. "Hata akitumwa dukani, hapindi mpaka agonge mtu."

Mwenyekiti akawa anapita kila asubuhi, mikono nyuma, eti anakwenda kuangalia bomba. "Tunaendeleaje, mama? Naona mwili wako una gia ya mbele tu." Gia ya mbele tu! Mtu aliyeshindwa kuendesha baiskeli, mkewe mwenyewe aliniambia nikimsuka.

Jumapili ya pili Dobi akaja, akakaa juu ya ngazi za chekechea akatazama. Nikapita kandambili ya kwanza, ya pili, zote, kwa mstari ulionyooka, nikiwa nimezikanyaga.

"Dada, umekauka magoti."

"Sijakauka!"

"Bonyeza basi."

"Nabonyeza! Nikibonyeza zaidi vidole vitatokea upande wa pili!"

"Wiki iliyopita uliweza."

"Panda wewe basi, tuone."

Akakataa katakata. Hilo ndilo kosa la Dobi, nalisema mbele yake na huwa anainamisha kichwa. Ana imani yake kwamba ubao ni kama kandambili, ukishampa mtu hukanyagi tena, unazoea miguu ya mwenyewe. "Nikipanda nitauchanganya," alisema. "Tatizo siyo ubao, dada. Labda unaogopa."

Mimi? Naogopa? Nilimtazama mpaka akaanza kuvaa kandambili zake. Lakini usiku huo nilipolala nilijiuliza. Labda kweli. Labda kuna woga ambao mtu anao bila kujua, kama chawa. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, zaidi ya yale matako. Nilikuwa nimeanza kuwaamini. Wiki ya tatu nilipunguza wali.

Na kila asubuhi, nikitoka, ubao niliukuta umesimamishwa ukutani, umefutwa vumbi, unang'aa. Na Baba Mkwe amekaa kizingitini na chai yake. "Uko salama, mwanangu," ananiambia. "Ahsante, Baba." Mungu wangu. Nilikuwa nasema ahsante!

Siku yenyewe ikafika. Saa mbili asubuhi mtaa ulikuwa umejaa kama kuna harusi, watu wamekalia viti vyangu mwenyewe nilivyowatolea, kwa sababu hata kama ni aibu yangu siwezi kuona mtu amesimama. Dobi na wenzake walikuwa juu tangini, mbao zao zimelala chini, kila mmoja anautazama wa kwake kama mtu anayeaga. Mwenyekiti alisimama karibu na makopo, ameshika daftari.

Nilipanda. Nilikunja magoti. Dobi akaninong'oneza, "Macho, dada. Bombani, siyo kwenye makopo." Nikasukuma mara moja, mara mbili, mteremko ukanichukua.

Nilipita mlango wangu upepo unapiga masikioni. Kona ikaja. Nikatazama maduka kule kulia, nikageuza bega, nikageuza kiuno, nikabonyeza vidole kwa uzito wote ambao mtaa huu umeuzungumza. Kila nilichofundishwa nilikifanya. Na nilijua, kwa uhakika ule ninaojua njia ya nywele imenyooka, kwamba nimekifanya sawasawa.

Ubao ukaenda moja kwa moja.

Makopo nane. Niliyapitia nane, nikasimamishwa na ukuta. Nilipofungua macho nilikuwa nimekaa kwenye udongo, ua jekundu liko begani, na kicheko kimejaa barabara nzima. Mwenyekiti hakucheka. Aliandika.

"Hakikati kona," alisema. "Kama nilivyosema. Kuanzia leo..."

Hapo ndipo Baba Mkwe alipopasua umati. Alikuja mbio za uzee wake, moja kwa moja mpaka kwenye ubao, akaupindua, akaushika gurudumu kwa gurudumu. Kisha akasimama wima, akamtazama Mwenyekiti kwa hasira, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia:

"Usikilaumu chombo! Chombo hiki hakina kasoro. Nimekikaza mwenyewe, kila alfajiri, wiki tatu. Hakuna nati inayocheza hata kama unywele!"

Dobi alikuwa ameshashuka na ubao wake; akauokota wa kwangu. Akaweka mguu juu, kwa mara ya kwanza, akabonyeza upande. Haukuinama. Akasimama mguu mmoja ukingoni na mwili wote. Haukuinama. Akapiga magoti, akatazama ile nati iliyo katikati ya magurudumu ya mbele, ile inayoshika raba mbili ambazo ndizo zinazouachia ubao uiname.

"Mzee," alisema, sauti imekwisha. "Hii umeikaza mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho," alisema Baba Mkwe. "Na robo."

Sijui kama mmewahi kushikwa na hasira ya kumkasirikia mkwe. Haina mlango. Inapanda toka tumboni, inafika kooni, inakuta heshima imekaa pale imekunja nne. Wiki tatu! Matako yangu yana rangi ya zambarau! Nimeacha wali! Nimelala nikijiuliza kama mimi ni mwoga! Yote haya yalikuwa kwenye ulimi, na mbele yangu mzee wa watu amesimama, shati limemtoka, anajivunia kazi yake.

Kwa hiyo nikamgeukia Mwenyekiti.

"Gia ya mbele tu, sivyo?" nilimwambia, nikainuka na udongo wangu. "Rudia! Rudia sasa, watu wapo! Umenipitia kila asubuhi kama mwenye bomba, hukuniuliza hata mara moja kama nimeumia. Na nyinyi!" nikawageukia walioko kwenye viti vyangu. "Uzito! Umri! Nani alisema kiuno kimefunga? Wewe si ndiye unayewekewa mito minne ufikie kofia? Na wewe wifi, teremsha hiyo ndizi!"

Wifi akaiteremsha.

"Hata hivyo," Mwenyekiti alisema, "jaribio lilikuwa moja."

"Moja la kukata kona! Mimi sikupewa ubao wa kukata kona, nilipewa benchi!"

Mtu akacheka, lakini safari hii kicheko kilikuwa cha upande wangu. Kicheko cha kunicheka na cha kucheka nami huwa navitofautisha kwa sauti tu. Kinyozi akapaza sauti, "Arudie!" na mwalimu wa chekechea naye, mpaka viti vikaanza kugongwa. Mwenyekiti akatazama makopo yake yaliyolala, akaona hakuna la kuokoa tena. "Mara moja," alisema. "Ya mwisho."

Nikamgeukia Baba Mkwe. Nikapiga goti kidogo kama inavyopasa, nikanyoosha mikono miwili.

"Baba, naomba spana."

Akaishika mfukoni kwa kiganja. "Ya nini?"

"Nilegeze."

"Hapana."

"Baba..."

"Hapana, mwanangu." Akasogea karibu ili wengine wasisikie, na mimi ndiye wa kwanza kuambiwa, hata mume wangu hakuwa anajua. "Nati za lori lile nilizifunga mimi. Kwa mkono. Nilisema nitaleta spana, nikaenda kunywa chai. Niliporudi ameshaondoka."

Hasira yangu haikuondoka, msidhani. Ilikaa palepale, lakini ikasogea ikampisha mwenzake.

"Baba," nikasema taratibu, "yale malori yako. Usukani wake ulikuwa unaukaza?"

"Usukani?"

"Uliukaza mpaka mwisho na robo, usizunguke?"

Alinitazama kama nimetukana. "Usukani haukazwi! Usukani lazima ucheze kidogo. Ukiukaza dereva atapindaje, si ataingia..."

Akatazama makopo. Akatazama ua lililokuwa bado begani kwangu.

"Huu hauna usukani, Baba. Usukani wake ni hiyo nati."

Hakunipa spana. Alikaa chini, palepale barabarani, mzee mzima na watu wanatazama, akauweka ubao mapajani. Akalegeza nati ya mbele robo kwa robo. Akawa anabonyeza kwa kiganja, anasikiliza, analegeza, anabonyeza. Dobi alitaka kumwambia inatosha, nikamkanyaga mguu. Akafanya ya nyuma, akaiacha ngumu kidogo kuliko ya mbele. Baadaye Dobi alikiri kwamba hata yeye hajui kuipanga hivyo. Ya mbele ipinde, ya nyuma itulize. Alijuaje? Malori miaka arobaini. Kisha akageukia zile nati za magurudumu, akazikaza kwa nguvu zake zote, na hakuna aliyethubutu kumkataza.

Nikapanda tena mpaka tangini. Nilikuwa nimevimba kwa hasira mpaka sikumbuki kuogopa. Nikasukuma. Nikapita mlango wangu. Nikapita viti vyangu. Kona ikaja, nikatazama maduka, nikageuza bega, nikabonyeza vidole kidogo tu, maana nilijua sasa, na ubao ukainama. Uliinama kama mteja aliyesinzia. Ukachora njia moja ndefu toka ukingo wa barabara mpaka katikati, ukapita bomba kwa upana wa mkono, nikakalia visigino ukanyooka, na makopo ya Mwenyekiti nikayaacha mgongoni bila kuyaona.

Kumpita yeye nilimpita nikiongea. "Andika!" nilikuwa napiga kelele. "Andika! Andika na gia!" Nikaishia kwenye maduka, bado naongea, muuza vocha ndiye aliyenishika mkono nikashuka.

Aliandika. Jumapili, saa moja mpaka saa tatu, "kwa majaribio." Kwa majaribio! Watu wengine hata wakishindwa lazima wabakize ukucha. Lakini wanashuka kila wiki, na mimi nashuka nao, na viti natoa kama zamani. Yale makopo nilimsaidia kuyapanda upya, kwa sababu maua hayakunikosea.

Kumsamehe Baba Mkwe ilikuwa jambo lingine, kwa sababu hakuniomba msamaha. Jumatatu alfajiri nilimkuta kizingitini, ubao uko mapajani, spana mkononi. Hajaukaza, ila ndiyo kwanza anapigana na nafsi yake.

"Nitajuaje?" aliniuliza. "Nisipoigusa, nitajuaje kwamba haijalegea zaidi usiku?"

Nilikuwa na majibu kumi, yote makali. Nikaingia saluni, nikatoka na kichupa cha rangi nyekundu ya kucha, ile inayokauka haraka. Nikampa. Alielewa kabla sijasema. Gerejini walikuwa wakifanya hivyo kwa rangi ya mafuta. Akavaa miwani, akachora mstari mwembamba, juu ya nati na juu ya bolti, moja kwa moja. Nati ikisogea, mstari utavunjika.

Tangu hapo kila alfajiri anavaa miwani, anainama, anatazama. "Upo palepale," ananiambia, na spana inabaki mfukoni. Kisha anakwenda kukaza sufuria.

Wifi anasema nimeshamsamehe, eti ndiyo maana nimempa na kichupa cha pili. Sijamsamehe. Cha kwanza kilikwisha tu. Na ile kofia ya saluni bado haishuki.